Basari ya Kaboni, Makaa ya Mjomba

Februari 2018 nilikuwa fomu wani, muhula wa kwanza, viatu bado vinanibana. Mwezi huo mambo mawili yaliingia nyumbani kwetu hapa chini ya mlima Sagalla, na imenichukua miaka kuelewa kwamba lilikuwa jambo moja lenye vichwa viwili. La kwanza, jina langu lilitoka kwa orodha ya basari. Si ile ya CDF, ile ya kaboni. La pili, mjomba wangu, ambaye alikuwa anachoma makaa huko nyikani kuelekea barabara ya Mombasa, alirudi usiku akisukuma baiskeli tupu. Magunia manne yalibaki barabarani na watu wenye sare. Hakusema kitu. Alikunywa maji, akalala na nguo.

Sasa nikisikia msee kwa podikasti anauliza, "Hizi sheria za kupunguza hewa chafu zinajenga uchumi ama zinaubomoa?" mimi hujiuliza, uchumi wa nani? Kwa sababu kwetu zilifanya yote mawili, chini ya paa moja, ndani ya mwezi mmoja. Mimi nilisomeshwa na mti uliosimama. Mjomba alikuwa analishwa na mti ulioanguka. Na sheria iliyoamua nani kati yetu apate haikuandikwa Voi.

Wacha turudi nyuma, maana hii stori haikuanza na kaboni.

Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa 1896, ikapanda ikapita hapa Voi. Injini zake za mvuke zilikuwa zinakula kuni. Kwa hivyo miti ya nyika ilikuwa fueli ya watu wengine zamani sana kabla ya mtu yeyote kufikiria kuiuza kama hewa. Halafu 1948 serikali ya mkoloni ikatangaza mbuga ya Tsavo. Leo ukichukua ramani ya kaunti ya Taita Taveta, karibu asilimia 62 iko ndani ya mbuga. Rudia hiyo namba polepole. Kinachobaki ni vilima ambako watu wamebanana, mashamba ya mkonge, na zile ranchi kubwa katikati ya Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi. Ranchi ziligawiwa baada ya uhuru ili watu wafuge ng'ombe. Ukame ukaja, ukarudi, ukaja tena, na ndovu nao hawajui kusoma mpaka. Ng'ombe wakaisha. Wenye hisa wakabaki na cheti cha ranchi na vichaka.

Kichaka bila ng'ombe kina matumizi gani kwa mtu mwenye njaa? Makaa. Hiyo ndiyo hesabu ya mjomba, na sijawahi kukutana na mwanauchumi aliyeipangua. Panga, sululu, siku kadhaa za kufukia moto na kuulinda usilipuke, halafu gunia. Gunia ni pesa siku hiyo hiyo.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 Mike Korchinsky akaja na kampuni yake, Wildlife Works, akanunua Rukinga, ranchi ya hekta kama 30,000 upande wa Maungu. Wazo la kwanza wala halikuwa kaboni. Ilikuwa kiwanda cha kushona nguo, watu wapate kazi waache kukata miti na kuwinda. Wazazi wengi wa wasee niliosoma nao walipitia hicho kiwanda. Lakini fulana haziwezi kulinda msitu mkubwa namna ile. Hapo ndipo sheria za mbali zinaingia.

1997, mjini Kyoto, Japani, nchi tajiri zilikubali kuwekewa kikomo cha gesi wanazotoa. Mkataba ukaanza kufanya kazi 2005. Ndani yake kulikuwa na mlango: kampuni ya Ulaya ikishindwa kupunguza kwake, inaweza kulipia upunguzaji uliofanyika nchi maskini. Kila tani moja ya hewa kaa ambayo haikupanda juu inaandikiwa cheti, cheti kinauzwa. (Wanahabari wetu huita hivyo vyeti "mikopo ya kaboni". Nyanya aliposikia hivyo kwa redio aliuliza kwa wasiwasi kabisa, "Na tutalipa lini?" Si mkopo, nyanya. Ni kama risiti.)

Lakini angalia mlango ulivyokatwa. Kupanda miti mipya kuliruhusiwa. Kuulinda msitu ambao tayari umesimama hakukuruhusiwa. Na Umoja wa Ulaya, ulipofungua soko lake la vibali vya hewa chafu 2005, ukakataa vyeti vya misitu kabisa, mipya na mizee. Walikuwa na sababu. Msitu unaweza kuungua kesho, na ni ngumu kuthibitisha kwamba ungekatwa kama hungelipwa. Sababu nzuri. Ila matokeo yake kwetu ni kwamba nyika ya Kasigau ikafungiwa nje ya soko lenye pesa, ikabaki kuuzia soko la hiari, yaani kampuni zinazonunua kwa roho safi ama kwa kutafuta jina zuri. Sheria haiwalazimishi.

Pamoja na hayo, Februari 2011 mradi wa Kasigau ukawa wa kwanza duniani kupata vyeti vya aina hiyo, vya kuzuia ukataji msitu, chini ya kiwango cha kimataifa kinachoitwa VCS. Wa kwanza duniani, manze, na watu wanapita Maungu na basi wakidhani ni mahali pa kununua maji tu. Mradi ukaongeza ranchi nyingine za jirani, ukafika hekta kama 200,000. 2016 tawi la Benki ya Dunia linaloitwa IFC likauza hati za dhamana za dola milioni 152 kwenye soko la hisa la London, na mwekezaji akiamua, riba yake analipwa kwa vyeti vya kaboni kutoka hapa kwetu. Kampuni ya madini ya BHP ikaahidi kununua vile ambavyo wawekezaji wangeviacha. Kampuni inayochimba makaa ya mawe Australia ndiyo iliyoshikilia bei ya vichaka ambavyo mjomba alikuwa anakatazwa kuchoma. Sisemi ni kosa. Nasema angalia tu.

Na faida ilikuwepo, nisije nikaonekana mtu wa kulalamika. Mamia ya watu waliajiriwa, maaskari wa msitu, wapima miti, walinzi, mafundi. Matangi ya maji yakajengwa, madarasa yakaezekwa. Theluthi moja ya mapato inakwenda kwa wenye ranchi, kuna sehemu ya kuendesha mradi, na kuna sehemu inayoenda kwa kamati za vijiji, ambako basari hutoka. Mimi ni tunda la hiyo kamati. Karo yangu ya fomu wani iliguswa na pesa iliyotoka kwa mtu ambaye hatawahi kujua jina langu, kwa sababu tu mti fulani haukuanguka. Ni kitu kizuri na pia ni kitu cha ajabu sana.

Tatizo ni kwamba mjomba hana hisa kwa ranchi yoyote. Wengi hawana. Ranchi zina wanachama, orodha iliandikwa zamani, na kama babu yako hakuandikwa, wewe ni mpita njia kwenye ardhi ambayo umeikanyaga tangu uzaliwe. Kwa hivyo mwenye hisa anapata gawio, mwenye mtoto shuleni anaweza kupata basari, na aliyekuwa anaishi kwa kukata anapata kufukuzwa. Kwenye karatasi za wataalamu, mtu kama mjomba anaitwa "chanzo cha uharibifu". Ndiye sababu ya mradi kuwepo, ukifikiria vizuri. Bila watu wa kukata, hakuna ukataji wa kuzuia, na bila ukataji wa kuzuia hakuna cheti cha kuuza. Alikuwa sehemu ya hesabu bila kuwa sehemu ya mgao.

Halafu ikaja ile Februari. Tarehe 24, mwaka 2018, William Ruto, wakati huo naibu wa rais, alitangaza kusimamisha ukataji miti kwenye misitu ya umma na ya jamii kwa siku 90. Siku 90 zikaongezwa, zikaongezwa tena, mpaka miaka ikapita mitano. Kusema kweli, marufuku ile haikuitwa sheria ya tabianchi. Sababu iliyotolewa ilikuwa mito kukauka. Lakini Kenya ilikuwa na Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi tangu 2016, Katiba inataka angalau asilimia 10 ya nchi ifunikwe na miti, na baadaye serikali iliahidi dunia kwamba kufikia 2030 itapunguza hewa chafu kwa asilimia 32 chini ya kile ingetoa bila hatua yoyote. Misitu ni mguu mkubwa wa hiyo ahadi. Kwa hivyo kwa graundi, askari akisimamisha baiskeli, ni hiyo ahadi inasimamisha baiskeli.

Kanuni za makaa zilikuwepo tangu 2009. Unajiunga na chama cha wachomaji, unapata leseni ya kuchoma na kibali cha kusafirisha. Mjomba hakuwa na chochote kati ya hivyo, na sitamtetea kwa hilo. Lakini baada ya marufuku hata wenye vyama walikwama, na kilichotokea kwa bei kila mtu anayepika anakikumbuka. Mahitaji hayakupungua hata kidogo, bidhaa ikapungua, bei ikapanda. Mama alianza kununua nusu mkebe badala ya mkebe. Na makaa hayakuisha sokoni, yalipita usiku tu, na mwenye gari la kupita usiku si mtu wa baiskeli. Marufuku haikuua biashara. Iliihamisha kutoka kwa mdogo kwenda kwa mkubwa, na ikaongeza bei ya kumnyamazisha kila aliyesimama njiani.

Utasema, si mngehamia gesi? Sawa. Julai 2021 serikali hiyo hiyo ikarudisha ushuru wa VAT wa asilimia 16 kwenye gesi ya kupikia. Mkono mmoja unakuambia acha makaa, mkono wa pili unapandisha bei ya kile unachotakiwa kuhamia. Mtungi wetu wa kilo 6 uligeuka kiti. Nasema kweli, nyanya alikuwa anaukalia akichambua pojo. Mwaka 2022 ushuru ukashuka hadi asilimia 8, na 2023 ukaondolewa. Hiyo ni sheria ya kodi, lakini kwa hewa chafu ilifanya kazi kubwa kuliko mabango yote ya mazingira yaliyowahi kupigiliwa kwenye miti yetu kwa misumari.

Kuna mfano huwa nautumia nikibishana na wasee wanaosema sheria za mazingira lazima ziumize uchumi. Marekani, 1990, walipitisha sheria ya kupunguza salfa inayotoka kwenye vinu vya umeme vinavyochoma makaa ya mawe, ile inayoleta mvua ya asidi. Hawakumwambia kila mtu afanye kitu kimoja. Waliweka kikomo cha jumla, wakagawa vibali, wakaruhusu kampuni ziuziane. Kampuni zililia kwamba zitafilisika. Gharama ikatokea kuwa ndogo sana kuliko utabiri, kwa sababu kila mmoja alitafuta njia yake ya bei rahisi. Ulaya walipoiga mtindo huo kwa hewa kaa walianza vibaya, wakagawa vibali vingi mno vya bure, na kufikia 2007 bei ilikuwa karibu sifuri. Wakabana. Februari 2023 bei ya tani moja ilipita euro 100 kwa mara ya kwanza.

Sasa weka hiyo kando ya yetu. Tani moja kiwanda cha Ulaya kililipia hadi euro 100 mwaka 2023 kwa sababu sheria inakilazimisha. Tani moja ya Kasigau, kwenye soko la hiari, inauzwa dola chache. Hewa ni ile ile, anga ni ile ile, tofauti ni kama kuna askari nyuma ya bei ama hakuna. Ndiyo maana nakataa ile hadithi ya kwamba sheria kali za nchi tajiri ni adui wa maskini. Kilichotuumiza sisi ni kwamba ukali wao uliishia mpakani kwao, halafu sisi tukaletewa hisani. Hisani inaweza kuondoka Jumatatu asubuhi bila kuaga.

Na iliondoka. Januari 2023 gazeti la Guardian la Uingereza na wenzake walichapisha uchunguzi uliodai kwamba sehemu kubwa sana ya vyeti vya misitu vilivyoidhinishwa na Verra, shirika linalosimamia kiwango kile cha VCS, havikuwakilisha upunguzaji wowote wa kweli. Verra walipinga hesabu hizo. Lakini wanunuzi waliogopa, na bei zikaporomoka. Novemba mwaka huo KHRC, ambao ni watetezi wa haki za binadamu hapa Kenya, pamoja na SOMO wa Uholanzi, wakatoa ripoti kuhusu unyanyasaji wa kingono kwa wanawake ndani ya mradi wa Kasigau. Kampuni ilikubali kwamba kulikuwa na mienendo mibaya ya watu fulani, ikaomba radhi. Mimi hiyo ripoti niliisoma mara mbili, kwa sababu inagusa kitu ambacho watu wa gharama na faida hawakiwekei safu kwenye jedwali. Mwajiri akiwa mmoja kwenye nyika nzima, mtu anayekuandikia zamu ana nguvu kuliko chifu. Hiyo nayo ni gharama, na wanawake ndio waliobebeshwa.

Gharama nyingine haina sheria ya kaboni kabisa, ina miguu minne. Msitu ukisimama, ndovu wanasimama nao. Chini ya mlima hapa watu wanalima mahindi na pojo, na usiku mmoja wa ndovu unamaliza msimu. Tangu 2009 mashamba kadhaa ya Sagalla yamezungushiwa mizinga ya nyuki iliyounganishwa kwa waya. Ndovu akigusa waya mizinga inatikisika, nyuki wanatoka, naye anaogopa nyuki kuliko anavyoogopa bunduki hewani. Ni wazo zuri, mradi wa watafiti wa ndovu pamoja na wakulima wa hapa, na asali inauzwa. Lakini mwaka wa ukame nyuki wanahama, mizinga inabaki mitupu, na ndovu wanakuwa na njaa mwaka huo huo. Mkulima wa Sagalla analipia kusimama kwa huo msitu kwa mahindi yake. Hakuna anayemwandikia cheti.

Halafu, 2023, Kenya ikaamka. Septemba 1, siku chache kabla ya kongamano kubwa la tabianchi pale Nairobi, Ruto, sasa rais, alitia sahihi marekebisho ya sheria ya tabianchi. Ni yule yule ambaye Julai mwaka huo alitangaza kuondoa marufuku ya 2018. Sheria mpya inasema mradi wa kaboni unaotumia ardhi ya umma ama ya jamii lazima uwe na mkataba wa maendeleo na jamii, na uipe jamii angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia. Miradi isiyotumia ardhi, kama ya majiko, asilimia 25. 2024 zikaja kanuni, nazo zikaongeza maneno machache: baada ya kuondoa gharama za biashara.

Nimekaa na hayo maneno machache kuliko nilivyokaa na kitabu chochote cha chuo kabla sijaacha. Asilimia 40 ya nini, ikiwa anayeandika gharama ni yule yule anayelipa? Ofisi ya ng'ambo ni gharama? Mkaguzi anayelipwa kwa dola ni gharama? Ndege ya doria? Na "jamii" ni nani, mwenye hisa kwa ranchi ama kila anayeishi kando yake? Wawekezaji wanalalamika kwamba 40 ni nyingi, watakimbilia nchi nyingine, na siwezi kuwaita waongo, maana bei ikishuka kinachobaki cha kugawa ni kidogo. Lakini kumbuka kutoka 2011 hadi 2023 hewa ya hapa iliuzwa bila sheria hata moja ya Kenya kusema mwananchi apate ngapi. Miaka 12. Mimi nilizaliwa, nikasoma, nikapewa basari kwa hiari ya mtu, na nikaacha chuo mwaka wa pili karo iliponishinda, kabla ya kanuni kuchapishwa.

Mjomba siku hizi ana boda pale stejini Voi, ya mkopo, na huo ni mkopo wa kweli. Wiki iliyopita nilimsomea hizo sehemu kutoka kwa simu, nikitafsiri polepole, yeye ameketi kwa pikipiki na helmeti mapajani. Nilipofika kwenye gharama za biashara alinisimamisha.

"Hapo wamesema ziwe ngapi mwisho?"

Nikapitia ukurasa tena. Nikamwambia sijaona.

"Angalia vizuri."

Nilikuwa bado naangalia wakati mama mmoja mwenye gunia la makaa alipofika akauliza bei ya kwenda Mwakingali. Walipatana mia moja. Mjomba akalifunga gunia nyuma kwa mpira, akalivuta mara mbili kuona kama limeshika, akaondoka.